Moshi wa Dandora na pesa za wazee: dhana potofu na ukweli

Upepo ukigeuka jioni, moshi wa jaa la taka la Dandora, jijini Nairobi, huingia mitaa jirani ya Korogocho na Kariobangi bila hodi. Watu hufunga madirisha, hukohoa, kisha huilaumu serikali. Serikali ipi? Hapo ndipo wengi tunapobisha mlango usiohusika, huku mzee aliye ndani akizidi kukosa pumzi.

Dhana: Kudhibiti uchafuzi wa hewa ni kazi ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira; kaunti haimo.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inaipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kwa maneno yasiyohitaji wakili kuyafafanua. Jedwali hilohilo linaikabidhi pia uzoaji wa taka na usimamizi wa majaa. NEMA ina yake: viwango vya kitaifa na leseni. Lakini jaa lililofunguliwa miaka ya 1970 na bado linapokea malori, hilo ni la kaunti. Nairobi yenyewe iliandika Mpango wa Utekelezaji wa Ubora wa Hewa wa 2019 hadi 2023, kwa hiyo udhuru wa "si kazi yetu" hauna miguu.

Dhana: Wazee wameshazoea moshi.

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana husemwa kwa mapenzi. Shosho amepikia kuni tangu ujana wake, mbona yuko hai? Pua huzoea harufu, ndiyo. Mapafu hayazoei. Chembe laini za moshi, zile zisizozidi mikroni 2.5, hupita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Ndiyo sababu madhara hayaishii kifuani. Yanafika kwenye moyo, na yanafika kwenye ubongo kwa njia ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Mwaka 2021 shirika hilo lilipunguza kiwango linachokipendekeza cha chembe hizo kwa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, kwa sababu ushahidi ulionyesha madhara hata katika viwango vilivyodhaniwa ni vidogo.

Kikohozi cha kila asubuhi, au kusimama mara mbili kupumzika kabla ya kumaliza ngazi, nyumbani huitwa uzee. Huenda ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao hupimwa kwa kupuliza kwenye kifaa na una dawa za kuupunguza makali. Aliyeambiwa "ni umri tu" hapelekwi kupimwa.

Dhana hii ya kuzoea moshi ina tawi lake: eti mkaa ukishawaka vizuri ni salama kwa sababu hautoi moshi. Baridi ya Julai ikibana, jiko huwekwa karibu na kitanda cha mzee na mlango kufungwa asipigwe na upepo. Lakini mkaa huo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini.

Dhana: Maziwa husafisha kifua.

Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni. Kunywa kwa sababu unayapenda.

Dhana: Pesa za wazee hutoka kwa gavana.

Shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa kuwapa wazee pesa za kujikimu, hutoka serikali ya kitaifa, na mwaka 2018 mpango huo ulipanuliwa kwa walio na miaka 70 na zaidi. Mwanasiasa wa wadi anayejipigia debe nazo anajipamba kwa nguo ya jirani. Hata hivyo, kaunti haijanawa mikono. Zahanati ni zake, na dawa ya pampu, ile ya kuvuta kifuani, ikikosekana pale, lawama ni yake. Kifungu cha 57 cha Katiba nacho kinampa mzee haki ya kutunzwa na familia pamoja na serikali. Hizo elfu mbili haziwezi kubeba chakula, gesi na matibabu kwa pamoja. Ukijaza mtungi wa kilo 6, kinachobaki hakifiki mbali.

Dhana: Bajeti hupangwa huko juu, mwananchi hana la kusema.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ina kalenda. Mkakati wa fedha wa kaunti huwasilishwa kufikia Februari 28, makadirio kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Anayefika Julai na malalamiko amechelewa. Vikao vya kukusanya maoni vinahitaji mtu wa kukaa kitini saa nyingi, jambo ambalo mzee mwenye pumu haliwezi, lakini maoni hupokelewa kwa maandishi pia. Mjukuu aandike kwa niaba yake, na ataje kitu kinachoweza kuhesabiwa: kifaa cha kupima hewa katika wadi fulani, siku za kliniki ya kifua katika zahanati fulani, au pampu ngapi kwa mwezi.