Joto la Mwili Halipimi Mafuta Yanayoungua

Nimechoka kuambiwa kwamba keto, yaani lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, "imeshika" kwa sababu mtu halali usiku kwa joto. Kila mwaka, Dar es Salaam inapoiva kati ya Desemba na Machi, hunijia watu walioacha ugali, wali na chapati wakinieleza kwa furaha kwamba wanatoka jasho hadi shuka linalowa, na kwamba hiyo ndiyo dalili ya mafuta kuyeyuka. Joto likipoa, watu hao hao hurudi wakilalamika kwamba lishe imeacha kufanya kazi. Furaha ile na malalamiko haya vina mzizi mmoja, nao ni mbovu.

Mwili hutumia nishati kumeng'enya na kuhifadhi chakula, na nishati hiyo huishia kuwa joto. Kwa protini huwa ni asilimia 20 hadi 30 ya nishati iliyomo, kwa wanga asilimia 5 hadi 10, na kwa mafuta asilimia 0 hadi 3 tu. Mafuta, basi, ndiyo yanayopasha mwili kidogo kuliko vyote. Aliyekula nusu kilo ya nyama choma saa tatu usiku na kulala bila feni anapashwa na nyama. Keto iliyopendekezwa na Russell Wilder wa Mayo Clinic mwaka 1921, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, ilikuwa na mafuta mengi na protini ya kiasi. Wengi wanaoniambia wako kwenye keto wako kwenye mishikaki.

Lipo swali la haki hapa: je, keto yenyewe haiongezi matumizi ya nishati? Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume 17 wenye uzito uliozidi, ambao waliishi ndani ya wodi ya utafiti na kulishwa wiki 4 za wanga mwingi, kisha wiki 4 za keto yenye kalori zile zile. Katika vyumba vya kupimia, matumizi ya nishati yalipanda kwa wastani wa kilokalori 57 kwa siku, yaani pungufu ya yai moja, na kasi ya kupoteza mafuta haikupanda pamoja nayo. Utafiti huo umebishaniwa, hasa kwa kuwa wote walipita kwenye lishe hizo kwa mpangilio mmoja. Hata hivyo, ubishi wenyewe ni juu ya kiasi kidogo ambacho hakiwezi kulowesha shuka la mtu yeyote.

Jasho nalo halibebi mafuta. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown walionyesha katika jarida la tiba la BMJ kwamba kilo 10 za mafuta zikishaungua, kilo 8.4 hutoka mapafuni kama kabonidayoksaidi na kilo 1.6 hubaki kuwa maji. Mkanda wa plastiki unaofungwa tumboni ili kutoa jasho hauna nafasi katika hesabu hiyo.

Linaloniudhi zaidi ni chumvi, kwa sababu watu huiacha siku ile ile wanayoacha wanga. Wanga ukipungua, insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, hushuka. Insulini ikishuka, figo huachia chumvi, na maji huifuata. Damu hupungua ujazo, moyo huenda mbio, na damu inayopaswa kufika kwenye ngozi ili kutoa joto nje haitoshi. Hapo mtu husikia anawaka, akisimama ghafla huona kizunguzungu, naye huendelea kunywa lita za maji ya limao yasiyo na chembe ya chumvi! Kwa aliye mzima, bakuli la supu yenye chumvi humsaidia kuliko limao lote la sokoni. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asijiongezee chumvi kabla ya kuzungumza na daktari wake, na anayetumia dawa za presha huenda akahitaji kupunguziwa dozi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akitoka jasho la baridi huku akitetemeka, apime sukari papo hapo. Anayetumia dawa za kisukari za dapagliflozin au empagliflozin asianze keto kabisa bila daktari, kwa kuwa damu yake inaweza kujaa asidi hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Kisha nunueni kipimajoto. Nyuzi 38 ni homa, na homa katika mji wetu hupimwa malaria. Kwa mama aliyefika miaka ya arobaini na kitu, joto linalokuja kwa mawimbi huenda ni la kuelekea ukomo wa hedhi.

Jambo ambalo vitabu hulipita haraka ni kwamba wengine kwenye keto husikia baridi. Homoni ya T3, ya tezi ya shingoni, inayosaidia mwili kuzalisha joto, hushuka kwa wengi wanaopunguza wanga, na pengine sababu ni hiyo, lakini hakuna anayeweza kutabiri nani atawaka na nani atatetemeka.

Kuhusu uzito unaojivuta: kilo 2 au 3 za mwanzo ni maji kwa sehemu kubwa, kwani kila gramu ya glaikojeni, yaani akiba ya wanga mwilini, hushikilia takribani gramu 3 za maji. Baada ya hapo, kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kilokalori 7,700, hivyo anayepunguza 500 kwa siku huhitaji siku 15 na ushee. Mizani inaweza kuficha maendeleo hayo yote kwa maji ya kabla ya hedhi tu. Pima kiuno kwa futi kamba, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Kikigoma wiki 4, nitauliza kwanza kuhusu korosho: gramu 100 zina takribani gramu 30 za wanga na kilokalori 550, na mfuko ulio kwenye droo ya ofisini huwa haupimwi.