Namna fuwele zinavyoongeza mnato wa magma

Fundi wa zege pale Mbagala hahitaji kufundishwa mnato. Saruji iliyokorogwa na maji pekee humwagika kama uji. Ukitia mchanga huwa nzito, lakini bado inateremka kwenye toroli. Ukizidi kumimina kokoto bila kuongeza maji, inafika mahali sepetu inasimama yenyewe. Magma nayo ni uji wa mwamba ulioyeyuka, wenye viputo vya gesi na fuwele, yaani chembe za madini zilizokwisha kuganda joto liliposhuka. Hapa tunashughulika na fuwele.

Mnato ni ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka, na hupimwa kwa paskali-sekunde. Maji yana takriban 0.001, lava (magma iliyotoka nje) ya basalti, mwamba mweusi wa volkano, yenye nyuzi 1,200 za Selsiasi huwa kati ya 10 na 100 hivi. Mwaka 1906 Einstein alikokotoa athari ya chembe chache za duara ndani ya kimiminika. Kizidishi chake, yaani namba ya kuzidishia sehemu ya chembe ili kupata ongezeko la mnato, kilikuwa na kosa, akakisahihisha mwaka 1911 kuwa 2.5. Kanuni hiyo inatosha kwa asilimia chache tu za chembe. Zikiwa nyingi zaidi, wanajiolojia wengi huanza na hesabu hii: gawanya sehemu ya fuwele (asilimia 20 ni 0.2) kwa 0.6, toa jibu kwenye 1, kisha inua kwa kipeo cha hasi 2.5. Unachopata ni mara ngapi mnato umeongezeka.

Jaribu mwenyewe. Fuwele asilimia 20, mnato huongezeka karibu mara 2.8. Asilimia 40, mara 16 hivi. Asilimia 50, mara 88; na kwa 55 tu, karibu mara 500. Asilimia 20 za mwanzo hazikufikisha hata mara tatu, ilhali tano za mwisho zimezidisha mnato zaidi ya mara tano. Ndiyo maana kosa dogo la kuhesabu fuwele halina madhara mwanzoni, lakini fuwele zikikaribia asilimia 60 linaharibu jibu lote. Hapo chembe zinagusana na kubanana, hakuna tena nafasi ya kupishana.

Hiyo 0.6 nayo si msahafu. Fuwele za madini yaitwayo plajioklesi ni ndefu na bapa, hukwamana kama njiti za kiberiti zilizomwagwa, na zinaweza kujenga kiunzi kilichoshikamana hata zikiwa asilimia 25 au pungufu. Lava ya namna hiyo haisogei kabisa mpaka isukumwe kwa nguvu inayovuka kizingiti fulani. Fuwele za ukubwa mchanganyiko, kinyume chake, huchelewa kukwama kwa sababu ndogo hujipenyeza kati ya kubwa.

Wengi hukosea kwenye uji wenyewe, yaani sehemu iliyoyeyuka bila fuwele. Fuwele za olivini, madini mengine, zinapokua huchukua magnesiamu na chuma, hivyo uji uliobaki huwa na silika na maji mengi zaidi ya mwanzo. Silika hukaza, maji hulegeza. Kwa hiyo mnato wa msingi, ule unaozidishwa, ukokotolewe kwa kemia ya kioo kilicho kati ya fuwele, yaani uji ulioganda ghafla; ukitumia kemia ya jiwe zima umeshapotea.

Kuhesabu kwenyewe hufanywa kwa hadubini, juu ya kipande cha mwamba kilichosagwa hadi unene wa milimita 0.03. Viputo visiingizwe kwenye jumla. Sampuli ya katikati ya mkondo mnene pia hudanganya: ilipoa polepole, na fuwele nyingi zilikua lava ikiwa imeshasimama. Bora lava iliyochotwa ikiwa moto na kutumbukizwa majini papo hapo.

Dar imekaa juu ya mchanga, mfinyanzi na mawe ya matumbawe, kwa hiyo mfano wa karibu uko kaskazini, kwenye volkano ya Oldoinyo Lengai. Lava yake ya kabonati hutoka kwa nyuzi 500 hadi 600 tu, mara nyingi nyepesi kama oili ya gari, ikibeba fuwele za gregoriiti na nyereriiti, madini yenye jina la Mwalimu. Mnato wake hupanda na kushuka kwa wingi wa fuwele na viputo. Juni 1993 ilitoka nzito isivyo kawaida yake.