Kutafsiri Kihispania cha mahakamani kwa Kiingereza: dhana potofu na ukweli

Dhana: Lugha zote mbili zimechota Kilatini, basi maneno yanayofanana yana maana moja.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapoteleza. "Sentencia" ya Hispania si "sentence". Ni hukumu nzima: mwenendo wa shauri, hoja za kisheria, na mwishoni "fallo", yaani uamuzi wenyewe. Hata anayeachiwa huru hupewa "sentencia absolutoria". Ukiandika "sentence", msomaji wa Kiingereza ataamini mtu amepewa adhabu, kumbe amerudi zake nyumbani. Andika "judgment".

"Magistrado" nalo ni mtego. Hispania cheo hicho kiko juu ya "juez", yaani jaji wa ngazi ya chini. Uingereza "magistrate" huketi mahakama ya chini. Msomaji wa Kenya au Tanzania atalielewa mara moja, maana ni sawa na kumwita jaji wa Mahakama Kuu hakimu. Na "Audiencia Nacional" si kikao cha kusikiliza kesi. Ni mahakama, ipo Madrid, na kesi za ugaidi hupelekwa huko.

Dhana: "Imputado" ni mshtakiwa.

Ukweli: Hispania neno hilo lilimhusu hata mtu ambaye bado anachunguzwa, tena lilimpa haki ya kuwa na wakili. Lakini lilimchafulia mtu jina kabla ya kesi, ndiyo maana mwaka 2015 sheria ya mwenendo wa jinai, ambayo ni ya tangu 1882, ilirekebishwa. Sasa anayechunguzwa ni "investigado". Uchunguzi ukifungwa na kesi ikiendelea, anaitwa "encausado". Kumtafsiri "investigado" kama "accused" ni kumgeuza mtuhumiwa kuwa mshtakiwa kwa kalamu yako, na mimi naliona hilo ni dhuluma, hasa kwenye habari za magazeti. Angalia pia hati imetoka nchi gani: Mexico na Chile bado wanatumia "imputado".

Dhana: Kila cheo cha mahakamani kina mwenzake.

Ukweli: Uingereza haina "juez de instrucción", hakimu anayeongoza upelelezi yeye mwenyewe. "Investigating judge" inafaa. "Instructing judge" haimwambii msomaji kitu. "Procurador" ni mgumu zaidi: humwakilisha mteja mbele ya mahakama, hupokea na kuwasilisha nyaraka, huku hoja za kisheria zikibaki kwa "abogado", yaani wakili. Afadhali neno libaki kwa Kihispania na maelezo mafupi pembeni.

Dhana: Anayezijua lugha zote mbili anatosha.

Ukweli: Marekani ilitunga sheria ya wakalimani wa mahakama za shirikisho mwaka 1978, na mkalimani wa Kihispania anayetaka cheti hufanya mtihani. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lake la mwaka 2010, unataka mtuhumiwa asiyejua lugha ya kesi atafsiriwe hati muhimu, zikiwamo hati ya mashtaka na hukumu, kwa ubora unaomwezesha kujitetea. Gharama ni za serikali, hata akipatikana na hatia.