Kusimama Tu, Nayo Ni Sanaa?

Ukimkuta mtu kasimama kimya kwenye uwazi wa Mji wa Kale, Mombasa, kijaluba cha bati kinaning'inia shingoni, usidhani ni mchezo wa kuigiza. Ni sanaa ya utendaji (performance art), ambamo mwili wa msanii ndio kazi yenyewe. Mwigizaji hujifanya mtu mwingine. Huyu ni yeye mwenyewe, na jua linalomchoma ni la kweli. Kijaluba ni mfano wa kile kilichobeba kipande, cheti chenye alama za vidole walichobebeshwa wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi kwa sheria ya kikoloni ya 1915 nchini Kenya. Mzungu hakubebeshwa.

Wengi huamini kwamba msanii akiteseka zaidi, kazi huwa nzito zaidi. La hasha. Akizirai, watu hukumbuka kuzirai tu, kipande kikasahaulika. Na huzirai kwa sababu ndogo: amekaza magoti, damu ikakaa miguuni. Magoti yalegezwe kidogo, uzito uhamishwe mguu hadi mguu. Anzeni baada ya Alasiri, dakika 40 zatosha. Bati lishonewe kitambaa kwa nyuma, kwani likipata moto huunguza kifua. Kamba iwe pana, katani hukata shingo.

Wengine husema, "Watazamaji wataelewa wenyewe." Si lazima. Mwaka 1992 wasanii Coco Fusco na Guillermo Gómez-Peña walijifungia ndani ya kizimba kama cha wanyama, wakijidai wenyeji wa kisiwa cha kubuni. Walikusudia kejeli, watazamaji wengi wakaamini. Kwa hiyo mwekeni mwenzenu pembeni, kavaa kawaida, wa kujibu maswali bila kuhubiri.

Wengine nao husema, "Sanaa haihitaji ruhusa." Umati ukijaa, polisi watauita mkutano, na mkutano wa hadharani huarifiwa kituoni siku 3 hadi 14 kabla.

Halafu wako wasemao kwamba ubaguzi wa rangi ni habari za Marekani. Hapa hapa, nenda lango la hoteli ya ufukweni. Mgeni mweupe hupigiwa saluti, kijana wa Bamburi huulizwa, "Unaenda wapi?" na mlinzi mweusi kama yeye. Swali hilo peke yake ni kazi kamili: msanii asimame mlangoni mwa ukumbi, amuulize kila anayeingia, sauti ile ile, bila tabasamu wala hasira. Kosa la kawaida ni kuongeza maneno. Wa kwanza watacheka. Ngoja afike mzee wa watu, aanze kujieleza kwa swali ambalo hakustahili kuulizwa.