Tölva: bibi anayepiga ramli kwa namba

Wale mnaofuatilia darasa letu la maneno mshajua Kiaislandi hakipendi kukopa, sasa leo nimewaletea neno moja tu, tölva, maana yake kompyuta, ila hilo neno kompyuta ulitafute humo ndani hulioni hata kivuli.

Chuo Kikuu cha Iceland kilipata kompyuta yake ya kwanza 1964. Enzi hizo kulikuwa na jina rafreiknir, yaani kikokotozi cha umeme (hiyo raf ni kaharabu, ile ya shanga za tasbihi, umeme wao wameupa jina kutoka huko na kahraba ya wenzetu wa Oman ndo mambo yaleyale). Jina refu, halina ladha. Ndo profesa Sigurður Nordal, mtu wa fasihi wala sio wa mashine, akachukua tala, namba, akaipachika kwenye völva. Huyo völva ni bibi mpiga ramli wa hadithi zao za kale, anatembea na fimbo na jina lenyewe limetokana na fimbo, na kwenye shairi la Völuspá yeye ndo anasimulia dunia ilivyoanza na itakavyoisha. Mi naona hapo mzee alimaliza kazi.

Kwenye umbo sasa ndo kuna mtego, hata wenyewe wananasa. Kiaislandi kina tabia ya kugeuza a kuwa ö ikifuatiwa na silabi yenye u, kwa mfano saga, hadithi, ukisema "nasoma hadithi" inakuwa sögu. Basi mtu anasikia tölvu (ndo tölva ikiwa kwenye sentensi kama hiyo ya sögu) kutwa nzima, anarudi kinyumenyume, anaibuka na "talva". Kosa hilo! Ile ö haibanduki, imerithiwa kwa bibi, na bibi hajawahi kuitwa "valva".

Halafu neno likazaa. Fartölva ni laptop, far ni safari, spjaldtölva ni tablet, spjald ni kibao. Na sisi tunayo tarakilishi, tarakimu na akili humohumo, tukapata na kipakatalishi, ya kupakata, ufundi uleule kabisa. Ila kule tölva inasemwa na kila mtu mpaka sokoni, huku mimi mwenyewe ninayefundisha tarakilishi, juzi fundi kaniuliza shida nini, nikamjibu kompyuta haiwaki.