Programu iliyoundwa bila kuandika kodi za kompyuta haikupi ushindi yenyewe

Wafanyabiashara wengi, kuanzia Mwanjelwa hadi Tunduma, wanaamini kwamba duka likipata programu yake, hata iliyoundwa kwa kuburuta vitufe bila kuandika kodi (maagizo ya kompyuta), limeshawaacha washindani. Imani hiyo ina msingi: kazi iliyomhitaji mtaalamu wa kompyuta sasa mwenye duka anaifanya mwenyewe.

Lakini zana hizo ziko wazi kwa kila mtu, jirani yako akiwemo. Si jambo geni; programu ya majedwali, VisiCalc, ilianza kuuzwa 1979, na yeyote aliyeinunua alipata wepesi uleule wa hesabu.

Chukua muuza mchele wa Kyela. Fomu yake ya oda inaweza kuigwa kwa jioni moja. Kisichoigika ni kumbukumbu za misimu mitatu: nani hulipa kwa wakati, gunia lipi lilirudishwa kwa sababu ya chenga. Nguvu iko hapo, na naona ndipo tunapopasahau.

Pima mwenyewe. Fungua akaunti ya bure kwenye mojawapo ya zana hizo, unda fomu kama hiyo. Kisha tafuta kitufe cha kupakua data zako zote, na usome bei inavyopanda watumiaji wakiongezeka. Data zisipotoka, siku ukihama utaanza na daftari tupu.