Kabla hujalalamika GPA imekosewa, angalia krediti

Matokeo yakitoka tu ofisi ya mitihani inajaa malalamiko, na mengi ni yale yale ya GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zako, "nimepiga hesabu mwenyewe nimepata 3.75 mbona sistimu inasoma 3.2". Kuhangaikia matokeo yako ni haki yako kabisa, ila tukiiona hiyo hesabu tunakuta umejumlisha pointi za kozi nne ukagawa kwa nne, basi. Hapana jamani, kozi hazina uzito sawa, na uzito huo ndo krediti.

Chukua kozi nne, skeli ya 5: ya krediti 4 umepata pointi 2, ya krediti 3 pointi 3, ya krediti 2 pointi 5, ya krediti 1 pointi 5. Zidisha pointi kwa krediti za kozi yake, unapata 8, 9, 10 na 5, jumla 32, halafu gawa kwa krediti zote 10, sio kwa idadi ya kozi. Ni 3.2. Ile kozi ya krediti 4 ndo imekushusha, na hizo tano mbili za kozi ndogo haziwezi kuifidia.

F, yaani gredi ya kufeli, nayo watu wanaiondoa kabisa kwenye hesabu eti ni sifuri. Pointi ndo sifuri, krediti zake bado unazigawia! Ungefeli hiyo ya krediti 4 ungekuwa na 24 kwa 10, yaani 2.4, sio 24 kwa 6 upate 4.0. Ukiirudia, fuata kanuni za chuo chako, kuna vyuo gredi mpya inafuta ya zamani na vingine vinaiwekea ukomo.

Na GPA ya jumla sio kujumlisha za semesta ukagawa kwa mbili, hili tumelisema mpaka basi. Semesta ya krediti 20 yenye 3.0 na ya krediti 10 yenye 4.2 ni 102 kwa 30, yaani 3.4, sio 3.6.

Bado unaona kuna kosa? Hakiki kwanza kozi ulizosajili na krediti zake, kisha andika barua kupitia idara yako, ambatisha nakala ya matokeo, taja namba ya kozi, onyesha hesabu mstari kwa mstari, ndani ya siku zilizotajwa kwenye tangazo. Ukichelewa inaweza isipokelewe hata kama una hoja. Ila kujibadilishia namba kwenye nakala ili upate kazi au ufadhili ni kughushi, hilo linaenda kamati ya nidhamu na cheti kinaweza kufutwa hata kama ulishahitimu.